Sauti Niliyomtumia Mdogo Wangu kutoka Dunguni

Nimefundisha ramani kwa zaidi ya miaka ishirini katika shule ya msingi hapa Kibiti, na sikuwahi kuiogopa ramani hata siku moja mpaka ilipofika ile aliyonitumia mdogo wangu wa kike. Yeye anaishi Ulaya. Anahudumia wazee katika nyumba ya wazee, ameolewa na mtu wa huko huko, na wana binti wawili. Ramani yenyewe ilitolewa na serikali ya huko kuwaonya raia wao wanaosafiri likizo. Msumbiji, upande wa juu, ilikuwa nyekundu kwa ajili ya vita. Rangi haikukoma mpakani. Ilivuka mto Ruvuma, ikapungua ikawa ya chungwa, ikaendelea kupanda mpaka kwetu ikawa njano. Kibiti nzima ilikuwa ndani ya ile njano, pamoja na nyumba yangu, kuku wangu na choo nilichokuwa bado sijakiezeka.

"Kaka," aliandika, "shemeji yako anauliza kama ni akili kuwapeleka watoto likizo kwenye nchi iliyopakana na vita. Sijui nimjibu nini. Sema wewe. Ukisema tuje, tunakuja."

Kwanza nilikasirika. Mimi nina hasira za karibu, wanafunzi wangu wote wanalijua hilo. Nilichukua uzi wa kushonea wa mke wangu, nikaenda kwenye ramani kubwa ya ukutani shuleni, nikaupima kutoka Ruvuma mpaka Kibiti. Halafu uzi ule ule nikaugeuza kuelekea kaskazini. Ulivuka Dar es Salaam, ukaipita Bagamoyo, ukafika Tanga na kuipita kidogo. Nikamwambia mwalimu mwenzangu kwamba kama sisi ni jirani wa vita, basi Tanga nao ni jirani zetu, wapakwe rangi hao. Alicheka sana, kisha akaniuliza nimemjibu nini mdogo wangu.

Nilikuwa sijamjibu kitu. Ule uzi ulikuwa njia yangu ya kukwepa.

Kibiti hii hii ilipata miaka yake mibaya. Watu waliuawa, na sisi tuliobaki tukawa tunafunga milango kabla ya magharibi. Ukienda Dar es Salaam ukasema unatoka Kibiti, mtu alikuwa anakutazama mara mbili. Katika miaka hiyo baba yetu alifariki, kwa maradhi yake ya siku nyingi, nyumbani kwangu. Tulimzika kwao Ruaruke, mchana, haraka haraka, na jua lilikuwa bado juu tuliporudi. Mdogo wangu alitaka aje kwenye arobaini. Alinipigia simu akauliza, "Kaka, nije?" Nikamwambia usije.

Arobaini ikasomwa bila yeye. Watu walisoma, wakala pilau, wakaaga, wakafika makwao salama. Hakuna lililotokea, na hilo ndilo lililoniuma miaka yote hii. Hajaja tangu hapo. Mama hajapata kuwaona wajukuu zake wale ila kwenye simu, wakimpungia mikono.

Sasa alikuwa ananiuliza tena swali lile lile. Nikisema njoo, halafu likatokea la kutokea, nitakuwa mimi ndiye niliyewaita watoto wa watu. Nikisema usije, mama anaweza kuondoka duniani hajawashika. Nilikaa na ujumbe ule siku tano, nikiufungua na kuufunga.

Jumamosi nikachukua pikipiki kwenda kwa mama. Yeye anaishi Mloka, ndani kabisa, unapita Mkongo na unaendelea mpaka unaanza kujiuliza kama hujapotea. Ulikuwa mwezi wa tano, na mpunga ulikuwa umeanza kukomaa. Msimu huo kijijini humkuti mtu mwenye shamba bondeni. Wote wanahamia madunguni. Dungu ni kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu katikati ya shamba, lina ngazi ya fito ya kupandia, na juu kuna sakafu, paa la makuti, jiko la udongo na mikeka. Familia inaishi humo hadi mavuno, ikiamia ndege na kulinda mpunga usiliwe na viboko na tembo. Tulikulia humo, mimi na mdogo wangu. Kazi yake yeye ilikuwa ndege, na alikuwa na sauti ya kumtoa ndege kwenye shamba la jirani.

Mama yetu umri wake anauhesabu kwa mafuriko. Ukimuuliza kitu kilitokea lini, atakwambia ni kabla ya maji yale makubwa au baada ya yale mengine. Ngazi ya dungu lake mimi naipanda nikitweta, yeye anaipanda na ndoo kichwani. Kila mwaka nikimwona anafanya hivyo nabaki nimesimama chini nikishangaa kama mgeni.

Nilimweleza habari ya ramani. Alikuwa anachambua mchicha, hakuinua kichwa.

"Hiyo vita iko wapi?"

"Msumbiji, mama. Ng'ambo ya Ruvuma."

"Na hao wajukuu zangu wako wapi?"

"Ulaya."

"Huko Ulaya jirani zao hawana vita?"

Mimi, mwalimu wa ramani, sikuwa nimelifikiri hilo. Nikamwambia ipo, tena kubwa, na si mbali sana na kwao.

"Basi waje wapumzike," akasema. Halafu akaniangalia. "Na weye umemjibuje mwenzio?"

"Bado, mama."

"Bado," alirudia, akaendelea na mchicha wake. Sikuhitaji aongeze neno.

Kesho yake asubuhi nikapata akili niliyoiona ni kubwa. Sitasema njoo wala usije. Nitamtumia sauti ya kwetu, asikie mwenyewe kulivyo, aamue mwenyewe. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linatoka. Ukungu ulikuwa umelala juu ya bonde lote, madungu ya jirani yakionekana vichwa tu, na mto ulikuwa unang'aa kwa mbali. Hua walikuwa wanalia. Mimi si mtu wa kulialia, lakini asubuhi za pale zinanifanya nisahau nilichotaka kusema. Nikabonyeza simu nikaongea taratibu: "Mdogo wangu, niko dunguni kwa mama. Sikiliza mwenyewe utulivu wa huku. Sikiliza." Kisha nikanyamaza, nikaiinua simu juu asikie. Nilipoona inatosha, nikapanda kwenye kichuguu mtandao unapokamata, nikaituma bila kuisikiliza.

Jibu likaja nikiwa njiani kurudi Kibiti. "Kaka, shemeji yako anasema hizo ni bunduki."

Nikasimamisha pikipiki pembeni ya barabara nikaisikiliza. Sauti yangu inasema sikiliza utulivu. Hua wawili, watatu. Halafu mlipuko, mkubwa, unaopasua masikio. Halafu mwingine. Halafu madebe yanapigwa kutoka pande zote, wanawake na wanaume wanapiga kelele, na juu ya wote, karibu kabisa na simu, mama yangu anaunguruma: "Hooo! Hooo! Ondokeni hapo!"

Kumbe asubuhi ile tembo walikuwa wamechelewa kuondoka kwenye shamba la tatu kutoka letu. Askari wa wanyamapori walikuwa wamewapa wanakijiji baruti za kuwatishia, na wenye shamba walizilipua, na bonde zima likaitikia kama linavyoitikia siku zote. Nilikuwepo. Nilikuwa nimeshika simu. Naapa sikusikia kitu. Masikio yangu yamelelewa na ile kelele, kwangu mimi ulikuwa ni utulivu. Nilicheka peke yangu pale barabarani mpaka machozi, halafu nikaona nimeharibu kila kitu kwa mikono yangu. Mtu wa Ulaya anaogopa vita, mimi nikamtumia milipuko na mayowe.

Jioni mdogo wangu akanipigia. Alikuwa analia, na mimi nikaanza kujieleza, tembo, baruti, madebe.

"Kaka, nyamaza kwanza," akasema. "Unadhani sijui? Nimesikia sauti ya mama. Nimeirudia mara kumi. Bado ana sauti ile ile." Akavuta pumzi. "Shemeji yako hataki kusikia. Tumebishana sana. Tumefika mahali kwamba binti mdogo anabaki na baba yake, mimi naja na mkubwa. Nakuja, Kaka, hujaniambia nije, lakini nakuja."

Hayo maneno ya mwisho aliyasema bila ukali. Yalinichoma hivyo hivyo.

Walifika mwishoni mwa mwezi wa sita, shule zikiwa zimefungwa. Binti ana miaka tisa, mrefu, mwili wote ni miguu, na Kiswahili chake ni cha mama yake tu, kwa hiyo anaongea kama mtoto wa bondeni wa zamani. Alipofika chini ya dungu alisema "Shikamoo Bibi" kwa sauti kubwa, kichwa kimeinuliwa. Mama alishuka ngazi upesi kuliko nilivyopata kumwona akishuka. Alimshika mtoto uso kwa mikono miwili, akaanza kumpapasa masikio, nywele, mabega, vidole, kimya kimya, kitu kimoja kimoja. Mtoto akasimama tuli amfanye anavyotaka. Mdogo wangu alikaa chini kwenye majani akajifunika uso na mtandio wake.

Asubuhi ya tatu mama alituamsha kwa kutugusa miguu. Kulikuwa kumepambazuka. Tembo walikuwa wanapita, wakirudi porini, katikati ya shamba letu lililokwisha kuvunwa nusu, na kwenye maji yaliyobaki bondeni. Walikuwa kumi na kitu, na mtoto wao mmoja mdogo aliyekuwa anakimbia ili asiachwe. Walipita karibu mpaka tukasikia matumbo yao yakinguruma na maji yakichapwa na miguu. Nguzo za dungu zilitetemeka kidogo, nikalisikia tetemeko hilo kwenye magoti yangu. Nina zaidi ya miaka hamsini na nimewaona wanyama hawa tangu sijaota meno, wameshatuachia njaa mara mbili, na bado sikutaka wamalize kupita. Sijui Mungu alikuwa anafikiri nini alipokiumba kitu kikubwa namna ile na kukipa mwendo wa taratibu hivyo.

Mama hakupiga debe. Waliokwisha kushiba na wanaondoka hawafukuzwi, huo ndio utaratibu wake. Alisimama ukingoni mwa sakafu, mkono mmoja kwenye bega la mjukuu, akawaambia kwa sauti ya kawaida, "Haya, wakubwa, nendeni salama."

"Bibi, hawakuogopi?" mtoto alinong'ona.

"Mimi? Wananijua. Wamekula mpunga wangu miaka yote."

Mdogo wangu alikuwa amenishika mkono bila kujua amenishika. Tulibaki hivyo mpaka tembo wa mwisho alipoingia kwenye miti ya ng'ambo.

Siku moja kabla ya safari yao nikawapeleka Ruaruke. Asubuhi hiyo redio ilikuwa imetangaza watu wengine wanaokimbia vita huko Msumbiji, na wote tuliisikia, hakuna aliyeizima. Kwenye kaburi la baba, mdogo wangu alisoma Fatiha, kisha akapiga magoti akaanza kung'oa magugu, na binti yake akamsaidia. Niliwatazama kwa muda, halafu na mimi nikapiga magoti.

"Mwaka ule," alisema bila kunitazama, "ningekuja, Kaka. Niliitafuta tiketi, niliipata. Nilikaa wiki nzima nikingoja unipigie tena useme njoo."

Nilikuwa na majibu mengi ya siku nyingi. Kwamba watu walikuwa wanauawa. Kwamba ningefanya nini ukiuawa na wewe. Yote yalikuwa kweli.

"Niliogopa," nilimwambia. "Nisamehe."

Aliendelea kung'oa magugu. "Shemeji yako ataniuliza tena mwakani," akasema. "Kuna yule mdogo. Na mama anazeeka. Nimjibu nini?"

Nilifikiria ile ramani na njano yake. Nilifikiria redio, barabara ya Mkongo wakati wa mvua, viboko, tembo, na kwamba hakuna mtu duniani aliyenipa dhamana ya lolote. Nilimfikiria na yule mtoto mwingine, ambaye mama hajampapasa masikio.

Mdogo wangu alitoa simu, akabonyeza pa kurekodia, akanisogezea mdomoni. "Sema mwenyewe," alisema. "Nitamtafsiria."

Kulikuwa kimya pale makaburini. Safari hii nilikisikiliza kwanza hicho kimya, nikahakikisha. Nikaishika simu mwenyewe.

"Shemeji," nikasema, "njooni. Njooni wote."