Chupa Niliyoionja Kabla ya Wakwe

Hapa Mkolani mimi najulikana kama mtu asiyeinamisha kichwa, na sababu ninayo, maana nilitoka darasa la nne nikaenda kubeba beseni la dagaa kichwani, na kufikia miaka hiyo ninayoisimulia nilikuwa na duka la vipuri na malori mawili barabarani, lakini iko chupa moja ambayo hata leo nikiikumbuka nikiwa peke yangu chumbani naona aibu kama kuna mtu ananitazama.

Ilikuwa enzi zile za ruksa, biashara zilipofunguliwa, maduka ya mjini ambayo zamani ulikuta sabuni ya mche na viberiti tu sasa yamejaa vitu vya nje mpaka hujui uangalie wapi. Mwanangu wa kwanza, Masanja, alikuwa amempata muuguzi mmoja wa Kihaya, Koku, binti wa Mzee Kamugisha, mwalimu mkuu mstaafu aliyejenga ng'ambo ya ziwa kule Sengerema, nyumba ambayo hata watoto wanaongea kwa kituo. Masanja alishaniambia wazi kwamba akimkosa huyo haoi tena, na mwanangu hasemi kitu mara mbili. Kwa hiyo nilijua ninachokibeba. Mshenga nilikuwa naye, binamu yangu Kulwa, mtu mpole anayeyajua maneno ya posa, ila mimi nikasema hapana, msafara nitauongoza mwenyewe, wamwone mtu ambaye Masanja ametoka kwake, na sitakwenda na kibuyu cha pombe kama mtu aliyeshuka kwenye gari la pamba. Nitapeleka mvinyo.

Nikaenda kwenye duka moja maeneo ya Mirongo. Muuzaji akaniuliza nataka tamu au kavu. Nikadhani ananitania (kinywaji kikavu unakimezaje?), lakini palikuwa na wateja wengine, nikajibu kwa sauti ya mtu aliyezoea kwamba nataka kavu, tena kavu kabisa. Nikachagua chupa nzito kuliko zote, shingo imevishwa karatasi ya dhahabu na kizibo kimefungwa kwa waya, maana nilijiambia kitu kinachofungwa kwa waya si cha mchezo.

Kama ningeiacha hivyo hivyo ilivyofungwa, leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini jioni ya Jumamosi mke wangu, Mama Masanja, akaigeuza geuza mkononi akaniuliza, "Unawapelekea wakwe pombe ambayo hujaionja?" Na kweli, kwetu hakuna kitu kama hicho, pombe ya ukweni unaionja kwanza nyumbani ujue haijachacha vibaya, ukipeleka mbaya umewatukana. Nikaona ana haki. Nikafungua ule waya, nikasukuma kizibo kwa kidole gumba, kikalipuka kikagonga dari, na povu likatoka kama bomba limepasuka, likaninyeshea mimi, likainyeshea redio, mpaka nakuja kuiziba kwa kiganja chupa imebaki nusu.

Tukaonja. Ilikuwa chachu kama limau. Nikaingiwa na hofu kwamba nimeuziwa iliyoharibika, na duka limeshafungwa, na pantoni tunapanda alfajiri, nikasema basi tuitengeneze. Nikatia sukari, ikafoka upya ikamwaga zaidi. Nikaijazia soda ya limau mpaka shingoni. Kizibo nacho kilikuwa kimefura kama uyoga hakirudi ndani, nikakichonga kwa kisu kikaingia, nikarudisha waya, na ile karatasi ya dhahabu iliyochanika nikaibandika kwa solusheni ya dukani kwangu, ile tunayozibia mipira ya matairi. Mama Masanja akasema inanuka. Nikamwambia mpaka asubuhi itakuwa imekauka.

Kwenye pantoni, toka Kigongo mpaka Busisi, niliipakata ile chupa kama mtoto mwenye homa, kila mtu akipita karibu najikunja, na baada ya Busisi, kwa lile vumbi na yale mashimo, nilikuwa naomba Mungu kizibo kisitoke kabla hatujafika. Hakikutoka. Ingekuwa nafuu kingetoka.

Tulipokelewa vizuri, tukaamkiana, chakula kikawekwa mezani, ndizi zinafuka moshi, na mimi nikasimama kukabidhi chupa kwa hotuba ndefu kidogo. Mzee Kamugisha akaipokea kwa mikono miwili, akaitazama kwenye shingo. Akampa dada yake, yaani shangazi yake Koku, mama mmoja mwembamba mwenye miwani. Yule mama akainusa.

"Baba Masanja," akasema polepole, "chupa hii imeshafunguliwa. Halafu ina harufu ya dawa."

Ndugu zangu, mnajua chupa iliyofunguliwa ikiletwa ukweni watu wanafikiria nini: sumu. Sebule nzima ilipoa. Nikaanza kucheka, hakuna aliyecheka nami. Nikasema labda dukani ndivyo wanavyouza. Shangazi akasema sawa, lakini kwao aliyeleta kinywaji ndiye anayekunywa kwanza, wote wakiona. Akanimiminia bilauri, tele.

Nikanywa kwa kishindo, kama mtu asiye na shaka, povu likapanda puani nikakohoa mpaka machozi. Nikaweka bilauri mezani. Hakuna aliyegusa chakula. Wote wakawa wananitazama mimi, kwa utulivu, kama watu wanaosubiri maji yachemke.

Sasa hapo ndipo nikakumbuka lile kopo la solusheni lina picha ya fuvu pembeni. Jasho likaanza, kwanza kwenye paji la uso, kisha mgongoni, na nikilifuta linazidi.

"Anatoka jasho," shangazi akamwambia kaka yake, kwa sauti ya chini ambayo wote tuliisikia.

Kulwa akawa ananitazama kama hanijui. Ndizi zikapoa mezani. Nikawaza, mwanangu amekosa mke na mimi nakufa kwa gundi ya matairi, kwenye nyumba ya watu.

Mama Masanja ndiye aliyeniokoa. Akapiga magoti kwa yule shangazi akaeleza yote, kuonja, povu, sukari, soda, kisu, mpaka dari la sebule yetu lilivyotoboka (hilo hata halikuwa na lazima). Mimi nikawa naangalia viatu vyangu. Mzee Kamugisha alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani akaifuta muda mrefu, na mabega yake yakawa yanatikisika, ila alipoongea uso ulikuwa mkavu.

"Posa hii hatukuikataa," akasema, "lakini leo hatukuipokea. Mje Jumapili nyingine. Mzee mwenzangu, wewe upumzike."

Jumapili hiyo niliwavusha kwa pantoni mwenyewe, Kulwa na Mama Masanja, nikashuka Busisi nikakaa kwenye banda la samaki wa kukaanga. Samaki aliletwa akapoa, sikummega. Kila gari lililotoka upande wa Sengerema nilisimama. Waliporudi jua likiwa limeshaegemea ziwani, Kulwa akaniambia wamekubali, tena kwa furaha. Nikamuuliza amewaambia maneno gani. Akafikiri kidogo, akasema aliwasalimia, akaomba binti, akanyamaza.

Nina vijana wengine wawili wanaokaribia kuoa, na nimeshaapa mbele ya mama yao kwamba kwa posa zao mimi safari yangu inaishia Busisi, mpaka nitakapoitwa.