Doña Obdulia na Seli Mama

Doña Obdulia ameoka mikate mtaani kwetu, mjini Saltillo, kwa miaka hamsini na minne bila kununua hamira. Ana chungu chenye donge la unga uliochachuka. Kila alfajiri humega kipande cha kukandia mikate ya siku, kisha hulilisha lililobaki unga na maji. Donge hilo sisi huliita mama. Ukimkuta amekiinamia chungu, atakwambia, "Ngoja, namlisha mama."

Mwanawe Fermín ndiye aliyekuwa arithi tanuri, mwingine hana. Alipofikisha miaka hamsini na moja, kiharusi kilimwangusha kazini. Mkono wa kulia ulikunjika ukabaki hivyo, na katika maneno yake yote likasalia moja: "Kesho." Ukimuuliza kama ana njaa, kesho. Ukimuuliza jina, kesho.

"Sasa umeiva kuwa fundi bomba," rafiki zake walimtania.

Mwaka mmoja na nusu baadaye, hospitali moja ya mji wa Monterrey ilimwita kwenye jaribio la tiba ya seli shina. Kwa lugha yetu zinaitwa seli mama, na ndivyo barua iliyosomwa dukani ilivyosema: seli mama zitapandikizwa kwenye ubongo ulioharibika. Doña Obdulia hakuuliza kitu. Siku ya miadi alivaa gauni la kanisani, akakataa hata kahawa.

Daktari Zertuche, mwanamke mfupi mwenye sauti ya taratibu, aliweka fomu mbele ya Fermín. Fermín akaisukuma. Aliogopa kutobolewa fuvu.

"Kesho," alisema, na safari hii kila mtu alimwelewa.

Ndipo mama yake alipokunja mkono wa gauni. "Daktari, tusipoteze muda. Anzeni na mimi. Nina miaka themanini na moja, chukueni zote."

"Nichukue nini, doña?"

"Seli! Si mmeandika za mama? Mama yake ndiye mimi. Sijala tangu jana mchana."

Daktari aliangalia dari kidogo, asije akacheka. "Hilo ni jina tu. Tunaziita mama kwa sababu huzaa seli za namna nyingine. Tutazitoa kwenye uboho wa nyonga yake mwenyewe."

"Kwa hiyo mimi sina kazi hapa?"

"Unayo. Kwenda kula."

Fermín akacheka. Kicheko kilitokea upande mmoja wa mdomo, kikamtoa machozi.

"Cheka tu, punda wewe! Nimeshinda njaa kwa ajili yako." Kisha akamgeukia daktari. "Na huko kichwani zitageuka ubongo mpya?"

"Hatudhani. Tunafikiri zinaziamsha sehemu zilizobaki hai. Hatuna hakika, ndiyo maana ni jaribio. Anaweza asipate chochote."

Doña Obdulia alifikiri. "Kama chachu, basi. Haigeuki mkate, inauinua unga uliopo. Na siku nyingine unga hauinuki." Akamtazama mwanawe. "Umesikia. Mimi nilikuwa tayari kutobolewa. Wewe je?"

Fermín alichukua kalamu kwa mkono wa kushoto akachora herufi moja, F, imelala chali. Daktari akasema inatosha.

Walimtoboa fuvuni tundu dogo kama kifungo cha shati, na siku ya tatu akarudi nyumbani. Miezi sita ya mazoezi ikapita. Vidole vitatu vimefunguka. Maneno ni matano sasa, mojawapo la matusi. Daktari Zertuche anasema hajui kama ni seli au ni mazoezi, na ameandika yote mawili.

Kukanda hawezi, na huenda asiweze. Unga anaukanda Doña Obdulia, na wiki iliyopita alimchukua binti wa jirani kujifunza kazi. Fermín husimama kando yao akishikilia bakuli lisiteleze, kwa mkono wa kulia.