Pini ya Ijumaa

Kila Ijumaa Cyrus akitoka kambi ya vibarua wa kigeni huko ughaibuni, Industrial Area, kwenda kumtazama Oloo, mwenzake wa kazini, hospitalini, humkuta muuguzi yule yule, Mkenya mwenzao. Kwanza muuguzi husugua viganja vyake vipate joto, ingawa miguu ya Oloo haijui baridi tangu alipoanguka kutoka jukwaa la ujenzi akaumia uti wa mgongo. Halafu hukagua visigino visije vikatoka vidonda. Hajawahi kuuliza ni nani waliombeba Oloo msobemsobe hadi kwenye basi la kampuni badala ya kungoja ambulensi, ilhali uti ulioumia hautakiwi kutikiswa. Aliyeshika miguu alikuwa Cyrus.

“Funga macho. Pini ikikudunga, sema,” muuguzi alimwambia Oloo Ijumaa hii.

Alidunga kidole gumba, unyayo, goti. Kimya. Akainua mkono kuifuta pini.

“Hapo!” Oloo akapaza sauti, macho kafumba. “Cyrus, nimesikia!”

Pini ilikuwa hewani. Muuguzi hakumsahihisha. Aliandika sifuri, akamfunika shuka vizuri mpaka vidoleni.

Cyrus alimfuata mlangoni. “Sista, si anapata nafuu?”

“Bado hasikii kitu,” alisema, akisugua tena viganja. “Na husema anasikia ukiwepo wewe tu.”