Paka Akivuka Maji

Harufu ya pakacha bichi, lililosukwa kwa makuti ya mnazi, hunifanya nigeuze njia mpaka leo.

Nilimwokota mtoto wa paka sokoni Pangani, penye magamba ya samaki, macho yamejaa tongo. Nikamficha jikoni na kumlisha dagaa. Bibi aliyekuwa akinilea alipomwona aliziba pua kwa leso.

"Wa kuokota hajulikani asili yake," akasema. "Tutanunua mwingine mjini Ngamiani, mweupe, wa nyumba ya watu."

"Huyu keshanizoea, Bibi."

"Atamzoea mwingine."

Kwetu husemwa paka akivushwa maji hajui tena njia ya kurudi. Basi Bibi akamtia ndani ya pakacha, akalifunga, akampa mtu wa pantoni akamwache ng'ambo, Bweni. Kilio chake nilikisikia mpaka pantoni ilipofika katikati ya mto.

Yule mweupe alikuja, akatandikiwa mkeka, akapewa maziwa. Wageni wakamsifu, Bibi akaitikia kwa furaha. Kisha mmoja akauliza mimi ni mtoto wa nani.

"Huyu? Nilimwokota ng'ambo, Bweni."

Niliendelea kuwamiminia kahawa. Tangu siku hiyo, kila nilipoona pakacha tupu ukumbini, sikuomba kitu.