Waya wa Betri

Mahakama iliponifungia leseni miezi sita kwa mwendokasi, nilimwambia mke wangu na bosi wangu, basi. Bosi alinihamishia kwenye kuosha magari ya watalii niliyokuwa nikiyaendesha, na hilo nililimeza. Lililonishinda ni mama. Kule mlimani Meru alikuwa ameshalitangazia kanisa zima kwamba mwanawe ni dereva, na katika ukoo wetu gari la mmoja ni gari la wote: misiba, harusi, wagonjwa. Ningewakatalia kwa kisingizio gani? Nikachomoa waya mmoja wa betri ya kigari changu, nikawaambia kimekufa.

Nilijiona mjanja. Kisha mama akashuka kwangu Olasiti kwa ajili ya miadi ya macho. Jicho moja lilikuwa limeshapofuka, la pili linamwonyesha ukungu. Aliposikia gari ni bovu, alimpigia simu mume wa dada yangu, fundi wa Ngarenaro. Asubuhi huyo bwana akafika, akafunua boneti, akacheka.

"Shemeji, hili gari lina afya kukuzidi wewe. Waya tu ulichomoka."

"Bwana asifiwe," alisema mama, mkoba tayari uko begani.

Mke wangu alinitazama, kisha akarudi kwenye masufuria yake. Hapo ningeweza kusema. Ilihitajika sentensi moja tu. Lakini shemeji amesimama anasubiri shukrani, mama anapapasa mlango wa gari, na mimi ni mwoga. Nikawasha.

Tulisimamishwa kabla hatujafika mjini. Trafiki alimwamkia mama shikamoo, akaniomba leseni. Nikasema nimeisahau nyumbani.

"Huyu hasahau kitu," mama akadakia. "Tafuta vizuri, baba. Mwonyeshe mwenzio."

Nikapekua mifuko niliyojua haina kitu. Nikaipekua tena, kwa ajili yake. Trafiki aliniuliza jina, akalibonyeza kwenye kimashine chake, kisha akainama dirishani akaongea kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaka kunisitiri.

"Kaka, wewe si umefungiwa na mahakama?"

Mama alisikia. Yeye alikuwa mgonjwa wa macho, si wa masikio. Aliupakata mkoba wake hadi kituoni.

Nililala mahabusu. Kesho yake nilisomewa mahakamani shtaka la kuendesha gari nikiwa nimefungiwa leseni. Askari aliyenipeleka alikuwa ameshanieleza njiani kwamba huenda ikawa faini, huenda ikawa jela, na muda wa kufungiwa waweza kuongezwa. Kwa sasa, ili nitoke, nilihitaji mdhamini mwenye kitambulisho na barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji. Nilimtegemea shemeji. Aliyeingia, akishikwa mkono na mke wangu, alikuwa mama. Alikuwa amepanda mlimani akarudi na barua ya kijiji. Miadi yake ya macho ilikuwa imempita.

Hakimu alimuuliza, "Mama, unamfahamu mshtakiwa?"

Akageukia upande ambao sikuwepo. "Uko wapi, mwanangu?"

"Niko huku, mama."

Akaifuata sauti yangu mpaka akaelekea kizimbani.

"Nilidhani namfahamu, mheshimiwa," alisema. "Niandike tu."

Karani akamshika mkono, akamwonyesha pa kuweka kidole gumba.