Doa Jekundu Kichwani mwa Nassor

Watu wa Xiaobei, mtaa wetu Waafrika katika mji huu wa Wachina, wanasema Kazija aligeuka bubu baada ya kufiwa na mumewe. Wanaosema hivyo ni wale wale waliokuwa wakila pilau yangu hapa mkahawani kwangu, barabara ya Huanshi Zhonglu, huku wakimcheka kwa kuongea na mgonjwa asiyejibu. Kazija alinyamaza mumewe angali hai, na mimi nilikuwepo, kwa hiyo waniachie nisimulie.

Alikuja kutoka Unguja, mwanamke mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Akinunua midoli na vifaa vya skuli kule Yide Lu, mtaa wa maduka ya jumla, anachanganya mzigo, anaupeleka kwenye duka lao la Darajani. Wachina wa pale walimwita laobanniang, yaani mama tajiri, na walikuwa wakimwogopa. Akishika mdoli akautazama mshono wake, mwenye duka anashusha bei kabla hajaulizwa. Mumewe, Nassor, alikuwa mpole, mzito wa kusema, kazi yake kusimamia upakiaji wa kontena. Kazija alisema kwa niaba ya wote wawili, na Nassor akatabasamu kwa niaba ya wote wawili. Nilikuwa nikiwaonea wivu, sifichi.

Siku ya balaa Nassor aliamka anaumwa kichwa. Akamwomba mkewe akae naye kidogo, amkande. Kazija alikuwa na haraka, mzigo unamsubiri, na Nassor hakuwa mgeni wa kuumwa kichwa. Akamwambia huku anajitanda mtandio: "Ukitaka mke wa kukukanda kichwa, oa mwengine." Akatoka. Aliporudi alimkuta sakafuni, kati ya kitanda na mlango wa choo. Madaktari walisema mshipa umepasuka kichwani. Wakampasua, roho ikabaki. Lakini tangu hapo Nassor akawa anafumbua macho asubuhi na kuyafumba jioni, na kutwa nzima hamtazami mtu.

Radhi tunaijua. Mke aliyemuudhi mumewe hatulii mpaka asikie "nimekuridhia". Lile neno la asubuhi lilimkaa Kazija kooni kama mwiba wa samaki. Kwamba Nassor atatembea tena, hilo alikuwa amekwisha kulikatia tamaa. Alichokitaka ni kumwomba msamaha na kujua kwamba amesikia, basi.

Ndipo akaja Sufian. Huyu ni kijana wa Kipemba, anasomea shahada yake kubwa katika chuo kimoja hapa mjini, na profesa wake ni mama mmoja wa Kichina anayechunguza ubongo wa wagonjwa kama Nassor. Wanamlaza mgonjwa ndani ya mashine ya MRI, wanamvika vidude masikioni, wanamsikilizisha sauti ya mtu wake, kisha kimya, kisha sauti tena. Muda wote huo mashine inapiga picha moja baada ya nyingine. Sehemu ya ubongo ikifanya kazi zaidi sauti inapokuja, baadaye itaonekana ina rangi. Kazija akaambiwa arekodi lolote analotaka kumwambia mumewe.

Alirekodia kwenye stoo yangu, maana ndipo penye utulivu. Ukuta wa stoo ni ubao, nikasikia yote. Aliomba radhi. Aliomba kwa kila namna ambayo mtu anaweza kuomba, mpaka sauti ikamkauka. Pale maabara hakuna aliyejua Kiswahili ila Sufian.

Baada ya wiki chache kijana alikuja mbio, hata salamu kaisahau. Akatuonyesha kwenye simu picha ya ubongo, wote wa kijivu, na juu ya sikio pana doa jekundu.

"Mama, anakusikia," akasema.

Kazija aliibusu ile simu. Mimi nikalia palepale mbele ya wateja, na mchana ule kila aliyeingia alikula bure. Kuanzia hapo ungependa umsikie Kazija hospitali. Anamsimulia Nassor mambo ya mzigo, anamwambia Najat binti yao ana mimba, anamgombeza kwa kukonda. Shemeji zake walipopiga simu kutoka Unguja wakitaka mgonjwa arudishwe nyumbani, aliwajibu kwamba mumewe yuko kwenye mazungumzo naye na wasiwakatize. Akanenepa. Aliniambia ameridhiwa, anajua ameridhiwa, na kwamba Mungu akitaka kumchukua mja wake sasa amchukue tu, yeye hana deni.

Kisha siku moja Sufian akaja, akakaa, na hakuagiza chakula. Profesa alikuwa ameipitia kazi yake upya, na doa halipo.

Kazija akadhani picha zimepotea. Sufian akasema picha ni zile zile. Akaanza kueleza, na kwa kuwa nilimwambia atumie lugha ya watu, nilimwelewa. Picha za mashine ile hutoka chafu. Mgonjwa akitikisa kichwa hata kwa upana wa punje ya mchele, zinaharibika. Lazima zisafishwe kabla ya kusomwa, na namna za kusafisha ni nyingi. Wako wanaozitupa picha zote ambazo kichwa kilitikisika. Wengine hawazitupi, wanazinyoosha tu. Kuna wanaozilainisha sana mpaka vidoa vidogo vinaungana kuwa kimoja, na kuna wanaozigusa kidogo. Kila mmoja ana sababu zake, wala hakuna mwongo kati yao. Ni kama machujio ya tui: nazi moja, lakini kinachobaki kinategemea umeshika chujio gani.

Nassor kichwa chake kilitikisika zaidi pale sauti ya Kazija ilipokuja. Ukizibakisha picha zile, doa lipo. Ukizitupa, halipo.

"Si ndiyo kusikia kwenyewe huko?" Kazija akauliza. "Katikisika kwa sababu kanisikia."

"Inawezekana, mama. Na inawezekana mwili ulishtuka tu, kama unavyoshtuka mlango ukigongwa. Tena kichwa kikitikisika, picha zinaweza kuzaa doa ambalo kwenye ubongo halimo. Siwezi kujua ni lipi."

"Na hilo chujio la kwanza, alilichagua nani?"

Sufian aliinama.

"Mimi. Nilijaribu njia moja, haikuonyesha kitu. Nikajaribu nyengine, na nyengine. Doa lilipotokea nikaacha kujaribu. Nilikuwa najua unamwambia nini, mama. Nilitaka akusikie."

Niliinuka na upawa mkononi, na Mungu ananijua, ningempiga. Nilimwambia maneno ambayo siyarudii hapa. Unampaje mwanamke radhi ya mumewe, kisha unakuja kuichukua kama mtu aliyesahau mwavuli? Kazija akanishika mkono, akanikalisha. Kisha akamgeukia kijana kwa sauti ya chini, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Zisafishe kama mwanzo, mwanangu. Niletee ile ile."

"Naweza," Sufian akasema. "Doa litatokea. Lakini nitakuwa nimeliweka mimi."

Profesa alikubali Nassor apigwe picha mara ya pili, kwa sauti ile ile, na safari hii namna ya kuzisafisha ikaamuliwa kabla hata hajaingizwa kwenye mashine, ili asiwepo wa kuchagua jibu baada ya kuliona. Nilimkataza Kazija. Nilimwambia abaki na doa lake, nani atamdai? Akanijibu kwamba kila akimzungumzisha Nassor sasa anamwona Sufian katikati yao.

Siku ya majibu tulikwenda wote. Profesa alitupokea kwa heshima, akatupatia maji ya moto ya kunywa kama desturi yao, akamwambia Sufian kwa Kichina kile cha kutufasiria. Lakini katika maneno yake lilipita "meiyou", na hilo Kazija hakuhitaji kufasiriwa. Miaka yote Yide Lu alijibiwa hivyo bidhaa inapokuwa haipo. Akainuka. Sufian akamfuata mpaka kwenye ujia akimweleza kwamba kukosekana kwa doa si ushahidi kwamba mgonjwa hasikii, kwamba hata watu wasioumwa kabisa wakilazwa mle mara nyengine ubongo wao hauonyeshi kitu. Yote ni kweli, nadhani. Kazija alimwitikia kila neno, akamshukuru, akaniambia twende.

Hapo ndipo aliponyamaza. Aliendelea kwenda hospitali kila siku. Alimgeuza Nassor, alimwosha, alimkata kucha, na kila alipomaliza alikaa upande wa kichwani akamkanda kwa mafuta ya nazi, taratibu, muda mrefu, bila neno. Nilikuwa nikimwambia: sema naye, shoga, pengine anasikia. Alinitazama kama mtu anayeonyeshwa chakula baada ya njaa kwisha kumuua. Kuna siku nilishindwa kukaa mle chumbani. Nilizoea kelele zake, na ule ukimya wa mikono inayokanda uliniumiza kuliko kilio.

Mvua zilipoanza, kifua cha Nassor kilijaa, na hakikufunguka tena.

Walimwosha, wakamvika sanda, na kabla ya kusaliwa wakamruhusu mkewe amwone. Tulikuwa wanawake wachache pamoja naye. Sufian alikuwa mlangoni, amekuja kubeba jeneza pamoja na wenzake, na hakuthubutu kuvuka kizingiti. Bi Msabaha, mkubwa wetu hapa mjini, akamshika Kazija bega na kumuuliza kama anavyoulizwa kila mjane.

"Kazija, mumeo umemridhia?"

Tulikuwa hatujasikia sauti yake kwa muda mrefu, ikatoka imekwaruza.

"Nimemridhia, duniani na akhera."

Bi Msabaha akasema alhamdulillahi, akataka kumwondoa. Kazija hakuondoka. Aliinama, akauweka mkono juu ya sanda, pale kichwani, akatutazama mmoja mmoja.

"Mimi mmeniuliza, nimejibu," akasema. "Sasa muulizeni na yeye."

Kisha wanaume wakaingia kulichukua jeneza.