Maman Mbele ya Portaye ya Muhumba

Munanisumbua bure. Tangu Noeli mujukuu wangu Yolande anarudilia tu: "Koko, andika mambo ya koko mwanaume, tusome siku ya misa yake." Niandike na nini? Masomo yangu ilisimama ku katekisimo. Wao wamemaliza iniversite, lakini kalamu ya bic inawaogopesha. Haya. Nitaandika, lakini mutu asinirekebishe. Vile nimeweka, njo vile inabaki.

Bwana yangu walimubatiza Firmin. Kisha Zaïre ikafika, wakakataza majina ya watakatifu, kila mutu akaitwa Citoyen, raia, na yeye akakuwa Citoyen Bulonza. Mimi mu nyumba, mulango ikifungwa, niliendelea na Firmin. Mulango ikifunguliwa, Bulonza. Kazi yake ilikuwa kupiga foto, hapa Kadutu.

Wenzake walikuwa na studio, na kitambaa kubwa yenye wamechora ndege na maua. Sisi hatukuwa na kitambaa. Firmin alikuwaka anasema, "Kitambaa yangu ni portaye za Bukavu." Ile milango mikubwa ya inje, ya chuma, ya watu wenye mali. Juu ya nini? Mutu wa Kadutu, nyumba yake imeng'ang'ania mulima kama kupe, akitaka kutuma foto ku kijiji hatakubali kusimama mbele ya mabati yenye kutu. Anataka portaye. Basi Firmin anamuteremusha mpaka Muhumba, kwenye wazungu walijengaka villa, na wakubwa wetu wakaingia nyuma yao. Alizijua zote: ile ya maua ya chuma, ile yenye simba mbili na moja imekatika sikio, ile yenye zamu wake, mulinzi wa mulango, anakubali kusogea kando ukimupa sigara. Mabibi-arusi aliwapeleka ku portaye ya kanisa kubwa. Ku Katana alipiga wamama wakitoka mu mulango ya hospitali na watoto wachanga. Siku moja alienda mpaka Minova juu ya mulango ya migomba tu, yenye wakristu walisimamisha barabarani kupokea askofu. Akarudi na vumbi mpaka mu meno, anacheka.

Mimi nilimuambia, "Unaweka uongo ku karatasi. Emile wa cherehani anashika portaye ya tajiri kama aliizaa!"

"Maman Eulalie, Emile alisimama pale ao hakusimama?"

"Alisimama."

"Basi uongo iko wapi?"

Mangaribi ile alikula sombe bila chumvi.

Kusafisha film ilikuwa kazi yangu, mu kachumba ya kuogea, na blanketi mbili ku mulango juu mwangaza isiingie. Film moja ilikuwa ingali inaning'inia pale, inakauka, wakati walikuja kumuchukua.

Walikuja asubuhi, waaskari na mutu moja wa abakosi, ile koti ya wakubwa wa serikali. Mwenye abakosi akauliza, "Njo wewe unapimaka portaye ya chef?"

"Sipimake, papa. Ninapigaka foto."

"Mbele ya portaye ya chef, ku Muhumba, ulipiga nani? Zamu alikuona."

Firmin akazungusha kamba ya apareye yake ya foto ku mukono. Ule mutu mwenye anaongeaka mpaka na mbuzi za jirani, jina moja ikamushinda!

"Jina!"

"Ni mutu tu. Jina sitasema."

"Anaonyesha mercenaires njia, huyu," askari moja akasema. Wakabeba apareye, wakamubeba na yeye.

Nilibaki na sahani mukononi. Portaye! Mutu anafungwa juu ya portaye! Mu Bukavu tulisha ona vita, mercenaires wenyewe, wale wazungu wa kukodiwa vita, tuliwaona na macho. Lakini hiyo, hapana. Sijaona, sijasikia. Mpaka jirani yangu Bibiane alinitosha sahani mu vidole, mimi sikujua kama niko nayo.

Ule chef alikuwa anaitwa Citoyen Mushagalusa. Kazi yake, watu hawakuitaja na sauti. Nilienda ku ofisi yake, wakanifukuza. Nikarudi, wakanifukuza. Askari wa mulangoni alikuwa ananiimbia na lingala yake, "Mama, zonga na ndako!" Rudi ku nyumba.

Nikamuambia, "Nyumba yangu iko humu ndani, munaifungia."

Kisha akili ikanijia. Firmin hasemi? Foto zitasema. Nikakamata ile film, nikatosha foto yake yote, mimi mwenyewe, nikachanganya na za zamani, portaye tupu, mufuko muzima. Chef aone kama hii ni kazi, haiko upelelezi. Mu ile film kulikuwa mama muzee moja, miguu bila viatu, na kitunga yenye kuku imetosha kichwa. Amesimama katikati kabisa ya portaye, wima, mukono moja juu ya chuma. Sikumujua. Nilifikiri ni muuzaji wa soko.

Chef akanipokea. Nazani alichoka kunikuta pale kila siku kama jiwe. Nikapanga foto ku meza yake bila kuomba ruhusa.

"Angalia kazi ya bwana yangu, chef. Huyu Emile. Huyu Bibiane. Hii arusi ya kanisa. Hii Minova."

Akaanza kucheka. Kicheko ya tumbo! "Watu wa Kadutu! Na huyu naye, angalia vile anaweka mukono ku kiuno! Portaye ya Docteur! Docteur anajua?" Mpaka askari wake wakacheka. Anageuza moja, anacheka, anageuza ingine. Na mimi nikaanza kucheka kidogo, juu niliona bwana yangu anatoka.

Akafika ku ile ya kitunga. Kicheko ikakatika.

Akasema, pole pole, "Ni maman."

Nikaitika, "Karibu, papa?" Juu kila mwanamuke hapa kwetu ni maman.

"Siko nakuita wewe. Huyu. Ni maman."

"Maman gani?"

"Maman mwenye alinizaa."

Askari wakaangalia viatu vyao. Nikaangalia tena ile foto: miguu, vumbi, kuku, na portaye yenye imefungwa. Imefungwa, wasomaji wangu! Hakuna mwanya ata ya kupitisha kidole.

Chef akaamuru wamulete Firmin. Wakamuleta. Jicho moja ilikuwa imezibwa na uvimbe, na shati yake sikuijua rangi. Sitaandika zaidi hapo.

"Huyu mama ulimupiga namna gani?" chef akauliza.

Firmin akaniangalia, akaangalia ile foto, akaona kama siri imeisha. "Nilipita pale na apareye yangu. Alikuwa amekaa chini ya ukuta. Zamu alisha muambia, 'Maman, patron alinikataza kufungulia watu wa kijiji.' Alikaa mpaka jua ikapanda. Kisha akaniita: 'Mutoto wangu, unipige hapa, portaye yote ionekane. Ku Katana wataniuliza kama nilifika kwa mutoto wangu.'"

"Mbona hukusema tangu siku ya kwanza?"

"Alinikataza. Alisema, 'Usimuambie mutu, watamucheka mutoto wangu.'"

Nilingoja chef alie. Mimi mwenyewe machozi ilisha fika ku kidevu. Nilingoja aseme, Mungu wangu, aseme, nilifanya nini. Munajua aliuliza nini?

"Nani mwingine alisha ona hii foto?"

Njo neno yake ya kwanza. Vile mutu alipigwa mpaka jicho inafungwa, juu ya kuficha haya ya huyu mutoto. Na mama, chini ya ukuta, anaficha haya ya huyu mutoto. Na huyu mutoto anauliza nani aliona!

"Hakuna," Firmin akajibu.

Chef akakunja foto mara mbili, akaitia mu mufuko ya abakosi. "Muende."

Nikasema, "Na apareye?"

"Maman, shukuru."

"Nashukuru. Na apareye?"

"Eulalie," Firmin akasema, "twende."

Nilimusamehe mambo mingi mu ndoa. Ile "twende", hapana. Ningekaa pale na matako yangu mpaka wachoke.

Chef alisahau kama film inabakiaka ku nyumba. Nikatosha ingine, nikaenda nayo Katana, nikauliza mpaka nikamupata mama mwenyewe. Anaitwa Agathe. Akaniambia chef alisha tuma gari imuchukue, chauffeur akafungua mulango, akainama na heshima.

"Na ulikataa, maman?"

"Niende kufanya nini? Mimi nilisha fika." Akapangusa foto na kitambaa yake, akaiweka juu ya mulango, upande wa ndani. Majirani wakaingia kuangalia. Moja akauliza, "Kumbe njo kwa mutoto wako! Na ndani kunafanana namna gani?"

Mama Agathe akajibu, "Portaye iko kubwa sana."



Nilimuelezea Firmin yote. Shemeji yangu akamupatia apareye ingine, ya kizee, akaendelea kupiga watoto wa komunyo na wenye kupata diplome. Lakini portaye, hakurudilia tena. Watu wakimubembeleza, anasema mwangaza haiko muzuri. Mu jua ya saa sita! Alikufa bila kuipenda ile apareye ya pili. Aliishika kama mutoto wa jirani.

Sasa musikilize, juu ile munataka ni misa, mimi ninataka kitu ingine. Hii karatasi itapita mikono mingi. Kuko mutu mwenye alikuwa mu ile ofisi, ao mutoto wake, na apareye ya Firmin iko mu kabati yake. Utaijua ku kamba: niliishona mimi, ngozi ya kiatu, na uzi mwekundu juu nyeusi iliniishia katikati. Usiniletee makuta, sitaki feza. Usiniletee pole. Fungua kabati yako leo, uangalie, kisha upande Kadutu, uulize kwa Maman Eulalie. Kwangu hakuna portaye. Usipige hodi. Ingia, uiweke ku meza.